Kifua cha Kukodi

Kitwana Matano aliliona gari la eksirei kabla halijazima injini, na vumbi la barabara ya Mlandizi lilikuwa halijatua alipokuwa ameshajua atakula nini mwezi mzima. Ndivyo alivyokuwa bwana yule. Wengine wakiona gari huona gari. Yeye aliona kuku.

Kwao ni Kisarawe. Dar es Salaam hakukanyagi tena, maana kule Kariakoo walikuwako wanaume kadhaa aliowauzia saa zisizo na mashine ndani, nao walikuwa wakimtafuta kwa hamu kubwa. Wiki ile basi alikuwa kambini, kwenye shamba moja la mkonge, amekuja kumsalimu jamaa yake ambaye hakuwapo na wala hakuwahi kuwapo.

Jioni mnyapara akapiga kengele, akatangaza kwamba wafanyakazi wote watapigwa picha ya kifua. "Atakayekutwa na ugonjwa, kazi basi, mpaka daktari atoe maelekezo!" Yaliyofuata baada ya "kazi basi" hakuna aliyeyasikia. Watu walirudi majumbani kimya, na kila aliyetaka kukohoa alikwenda kukoholea nyuma ya choo.

Isihaka alikuwa mkata mkonge wa miaka tisa. Kifua chake kilikuwa kimejaa vumbi la nyuzi, na usiku alikohoa hadi majirani wakamzoea. Kitwana alimfuata barazani, koti lake la kijivu begani.

"Kaka Isihaka, kikohozi hicho kikionekana pichani, kesho uko njiani na godoro kichwani."

"Kikohozi nacho hupigwa picha?"

"Mashine ya Ulaya ile! Inapiga mpaka ugali wa jana."

Isihaka akajishika tumbo. Mkewe, Mwanamkuu, alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua macho.

"Na wewe shemeji unayo dawa yake?"

"Dawa sina, shemeji. Nina kifua." Kitwana akakipiga kwa kiganja, pu! pu! "Hiki hapa, kizima. Sasa nisikilizeni. Kipande cha kazi, hiyo kadi yenu ya siku thelathini, kina jina na dole gumba, sura hakina. Mashine nayo haina haja na uso wa mtu. Mnanipa kipande, naingia mimi, kinatoka kifua safi kwa jina la Isihaka. Kuna dhambi gani hapo?"

"Bei?"

"Kwa ndugu kama nyinyi? Jogoo mmoja."

"Tetea."

"Shemeji, kifua hiki!"

Akapewa jogoo. Habari njema haifichiki kambini, na hadi alfajiri alikuwa na wateja watano na majogoo watano wanawika uani kwa Mwanamkuu.

Kazi ilichukua siku tatu. Karani Abeid aliita majina bila kuinua kichwa kitabuni, na kila lilipoitwa jina la mteja, Kitwana alijitokeza kifua wazi: mara na kofia, mara na kilemba, mara anachechemea. Ndani ya gari alikibandika kifua kwenye bamba la baridi. "Vuta pumzi! Bana! Achia!" Mara ya nne pumzi ilimtoka kwa kikohozi kidogo, akasingizia vumbi. Askari wa mlangoni akamkazia macho.

"Wewe si nilikuona jana?"

"Yule pacha wangu."

"Na juzi?"

"Yule naye ni wa tatu wetu. Mama alichoka sana, afande."

Baada ya wiki mbili daktari akaja na karatasi. Watu mia nane walisimama juani, na karani akasoma majina ya waliokutwa na kifua kikuu. Yalikuwa matano. Wote watano walikuwa wateja wa Kitwana.

Kitwana mwenyewe alikuwa amekaa barazani kwa Mwanamkuu na paja la jogoo wa tatu mkononi. Majina yalipomfikia alicheka mpaka akapaliwa.

"Masikini! Wote watano wagonjwa! Kumbe hata kifua cha kukodi hakiwasaidii!"

Mwanamkuu akamsogezea kata ya maji.

"Shemeji," akasema taratibu, "kifua chenyewe kilikuwa cha nani?"

Paja la jogoo likabaki hewani. Jamani, nimemsema sana mtu huyu, lakini saa ile nilimhurumia. Kitwana aliogopa. Alimkumbuka mama yake mdogo Biubwa alivyokonda mwaka wake wa mwisho, akitema damu kwenye kopo, mpaka wakamzika akiwa mwepesi wa kubebwa na mtu mmoja. Akaliweka paja chini, akajishika kifua kwa mikono miwili.

Daktari naye alikuwa hajamaliza. Wagonjwa, alisema, hawafukuzwi. Watalazwa miezi sita kwenye zahanati ya shamba, wapate maziwa, mayai, sindano ya dawa mpya kila siku, na nusu mshahara. Ila picha tano hizi zinafanana kupita kiasi, hata ubavu ule ule umepinda mahali pale pale. Huenda mashine imekosea. Ijumaa watano hao watapigwa upya.

Kitwana alikimbilia zahanati. Dresa, yaani muuguzi wa pale, Bwana Mwinyimadi, alikuwa mgeni kutoka Tanga, mpole lakini mtu wa taratibu.

"Bwana Dresa, naumwa kifua."

"Kipande chako?"

"Sina."

"Hii dawa ni ya wafanyakazi walioandikwa. Nenda hospitali Dar es Salaam, watakupokea vizuri."

Kwamba angepokewa vizuri Dar es Salaam, hilo Kitwana hakulitilia shaka hata kidogo. Akarudi barazani na koti lake begani.

"Shemeji, nikodisheni jina."

Mwanamkuu akageuka kwa mumewe. "Isihaka, eti una jina la kukodisha?"

"Nililopewa na babu?" Isihaka akakuna kidevu. Mtu yule, kwa kuwa sasa alijua hafukuzwi, alikuwa ameanza kuchangamka. "Hilo ghali."

Ghali kweli. Mwanamkuu alitaka majogoo wawili waliobaki, koti, na nusu mshahara wote wa miezi sita.

"Na koti?"

"Wodini utapewa shuka."

"Shemeji, huu wizi!"

"Basi kafie na koti lako."

Ijumaa wanne walikwenda na vifua vyao wenyewe, vikatoka safi, na daktari akafurahi kwamba kosa lilikuwa la mashine. Wa tano, aliyeitwa Isihaka, alionyesha kivuli kile kile. Akapewa kitanda. Isihaka wa kweli alihamia kwa wakwe zake Misugusugu, akawa analima mihogo yake ndani ya koti la kijivu.

Kila Jumamosi Mwanamkuu alikuja wodini. "Mume wangu jamani! Mwenzangu!" alilia mpaka wagonjwa wengine wakalia naye, kisha akafuta machozi na kwenda kwa karani kuchukua nusu mshahara.

Mwezi wa tatu kikohozi kilikwisha, mashavu yakarudi, na Kitwana akaanza kuitazama barabara. Asubuhi moja akaomba viatu.

"Mkeo kachukua," alisema dresa, akivuta dawa kwenye sindano. "Kasema una tabia ya kutoroka. Na kaniomba ukipona umalizie siku za kipande chako, hutaki kuonekana mvivu. Zimebaki ishirini na mbili. Nimeshakuandikia: kukata mkonge."

Kitwana akaruka kitandani. "Sikiliza, Bwana Dresa! Mimi si..."

Dresa akasimama, sindano juu. "Wewe si nani?"

Kitwana aliutazama mlango uliokuwa wazi. Akazitazama chupa za dawa rafuni, za miezi mitatu iliyobaki, zote zimebandikwa jina.

"Mimi si mtu wa kutoroka," akasema.

Akageuka, akafunua shuka.

"Jina?" akauliza dresa, kama kila siku, kabla ya kuchoma.

"Isihaka."