Vidonge vya Joyness

Jumatatu, 10 Juni 2024

Miaka miwili nimemwita mjukuu wangu Joyness mvivu. Asubuhi anakimbia, jioni miguu inapinda, hasimami. Nikajua anakwepa kuchuma pamba. Hata fimbo nilishika! Leo mama yake, Dorkasi, karudi naye kutoka Mwanza. Daktari kasema mwilini mna kimeng'enya kinachotengeneza msaidizi; bila msaidizi huyo ubongo hautengenezi dopamini ya kutosha, na miguu haipati amri sawasawa. Kimeng'enya cha Joyness ni dhaifu. Akilala anapata nafuu, mchana inamwishia. Kapewa vidonge. Nimekaa zizini na aibu yangu mpaka wakaniita kula.

Alhamisi, 13 Juni

Jioni hii Joyness kaenda kisimani na kurudi. Kwa miguu yake! Dorkasi analia, mimi nalia. Halafu nikaanza kufikiri, na hapo ndipo balaa langu huanzia. Jumamosi kundi letu linashindana ngoma na la Luhaga, aliyetangaza kijiji kizima cha Ngulyati kwamba magoti yangu yanalia kuliko ngoma yenyewe. Sasa kama kidonge kinanyoosha miguu ya mgonjwa, je, ya mzima?

Jumamosi, 15 Juni

Dorkasi huweka vidonge vya siku kwenye kikombe. Nikameza vyote viwili. Ngoma ilipokolea, nikatapika mbele ya umati, nusura kwenye viatu vya Luhaga. Akaniombea kiti. Kiti! Nafika nyumbani, Joyness yuko chini, miguu imepinda kama zamani. Dorkasi akauliza nani kagusa kikombe. Nikasema panya. Mimi, babu mzima!

Jumapili, 16 Juni

Nimemwambia Joyness ukweli, yeye tu. Hakukasirika. Akaniuliza, guku, ndivyo anavyoniita babu yake, na wewe jioni miguu inakupinda? Akakata kidonge chake, akanifungia nusu kwenye karatasi ya daftari, akasema tugawane. Mungu wangu! Bora angenitukana. Nimelia mbele ya kuku. Nimeapa kutogusa tena dawa ya mtoto. Nusu hii kesho asubuhi namrudishia Dorkasi, na habari ya panya naifuta.

Jumanne, 18 Juni

Dorkasi alikuwa na kazi nyingi, sikutaka kumsumbua. Luhaga katuma ujumbe: marudiano Jumamosi, kama magoti yanaruhusu. Nimejibu yanaruhusu. Nimechunguza, kosa lilikuwa kipimo. Viwili ni vingi. Nusu ndiyo saizi ya mtu mzima. Na hii sikuiba, nilipewa.