Mbinu ya Kidole

Umma unatangaziwa kwamba Idara yetu ya Majengo ndiyo idara ya kwanza ambamo kila mtumishi aliyebaki kazini anajua kutenganisha nomino na kivumishi katika sentensi ya Kiingereza. Mafanikio haya yamepatikana bila mtu kujeruhiwa, ukimwacha mhasibu, aliyejigonga kwenye kabati akiikimbilia nomino. Nayaeleza mimi niliyekuwa Katibu wa Kamati, kwa sababu wapo wanaopita wakisema eti mambo yalituharibikia. Waache waseme, midomo ni yao.

Chanzo kilikuwa barua. Mkurugenzi wetu aliamini kwamba barua ya Kiingereza haikai foleni, basi akamwita mchapaji, akafunga macho, akamtajia moja kwa moja: "We request a beautiful, modern and very big." Nukta, sahihi, muhuri. Yaani tunaomba nzuri, ya kisasa na kubwa sana. Makao makuu wakajibu kwa Kiswahili, neno moja tu: "Nini?"

Mkurugenzi aliisoma ile "Nini?" akiwa amesimama. Akakaa. Akaagiza chai, ilipofika akairudisha.

"Nani alichapa hii?"

"Mimi, bosi," akasema mchapaji. "Nilichapa ulivyosema."

"Ndiyo ubaya wenu huo! Mnachapa tu, hamtazami. Nomino umeiacha nje!"

"Nje wapi, bosi? Mbona sikuiona hata ikiingia?"

Hapo ndipo Kamati ya Kutenganisha Nomino na Vivumishi ilipoundwa. Agizo lilitoka mchana uleule: Mkaguzi kutoka makao makuu anakuja, watumishi wote watafanya mtihani mbele yake, na atakayefeli ataondoka siku hiyohiyo. "Na wa kwanza kutahiniwa," Mkurugenzi akaongeza, "ni huyu anayeacha vitu nje."

Sasa, huyo mchapaji ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ana watoto wawili na hana mwingine wa kumsaidia. Jioni nilipofika nyumbani, mke wangu hakunisalimia.

"Katibu si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi mdogo wangu akifukuzwa kazi, usirudi hapa. Hiyo Kamati yako ikupikie, ikufulie, na ikutandikie kitanda."

Nikatambua kwamba suala hili lina uzito wa kitaifa.

Nilianza na mihadhara. Niliwaeleza watumishi kwamba nomino ni neno linalotaja kitu, mtu au mahali, na kivumishi ni neno linalosema kitu hicho kikoje. Nikawaandikia ubaoni: big table. Big, kubwa. Table, meza. Wakatikisa vichwa wote, hata mlinzi wa geti aliyekuwa anasinzia. Nikauliza nomino ni ipi.

"Big," akasema mhasibu. "Imetangulia. Anayetangulia si ndiye bosi?"

"Wewe hujaona msafara," dereva akamkatiza. "Bosi hatangulii hata siku moja. Mbele ni pikipiki za ving'ora."

"Kumbe!" akasema shemeji. "Basi hiyo big ni king'ora. Inapiga kelele kabla kitu hakijafika."

Nilifurahi nikataka kumkumbatia, ila cheo kilinizuia. Tatizo ni kwamba mdomoni shemeji ni moto, lakini mbele ya karatasi anatetemeka mpaka kalamu inadondoka. Jaribio la kwanza alikosa yote. La pili akakosa yote, na jina lake mwenyewe akaliandika vibaya.

Nikakuna kichwa, nikabuni Mbinu ya Kidole, ambayo naona bado haijapewa heshima inayostahili. Mtahiniwa anasomewa sentensi. Hashiki kalamu. Anainuka, anakwenda, ananyoosha kidole kwenye kitu chenyewe. Kilichonyooshewa kidole ndicho nomino. Maneno matamu yanayobaki hewani ndiyo vivumishi. Vitenzi tuliviahirisha hadi bajeti ijayo. Mlinzi aliuliza kuhusu peace, yaani amani, ataikuta wapi ainyooshee kidole. Nikamjibu kwamba sisi ni Idara ya Majengo, tusiingilie kazi za watu.

Mbinu ikapitishwa. Aliyenyoosha kidole anapata maksi zote; aliyetaja tu kwa mdomo anapata nusu, na nusu ni kufeli. Mkurugenzi alisaini bila kusoma, kama ilivyo desturi ya viongozi wenye imani na watu wao.

Loo, ofisi ilichangamka! Nikisema "old chair", vidole vyote vinakielekea kile kiti kikuukuu cha mapokezi. Nikisema "tall man", dereva, mrefu kuliko wote, anajikuta amezingirwa. Siku niliyosema "clean toilet", idara nzima ilitimka hadi uani. Choo tulikikuta. Usafi hatukuukuta. Tukakubaliana kwamba nomino ipo, kivumishi kinashughulikiwa. Na shemeji alikuwa hakosi hata moja. Kidole chake kilikuwa kinafika kabla sijamaliza kusema.

Mkaguzi akaja. Alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya kutembelea, akakataa soda, akakataa na kiti cha mbele. Mkurugenzi akamsomea hotuba ya Kiingereza iliyojaa mambo mazuri, kisha akamgeukia shemeji huku anatabasamu, akachomoa sentensi humohumo kwenye hotuba.

"Haya, mchapaji. The beautiful new library is behind the market. Tenganisha!"

Maktaba mpya na nzuri iko nyuma ya soko.

"Library," akasema shemeji kwa sauti ndogo.

"Sawa, nusu maksi," akasema Mkurugenzi. "Amefeli. Mwingine!"

"Bosi, bado," nikasema. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani nilimwona mke wangu ameshika mwiko. "Kwa mujibu wa Mbinu, mtahiniwa ana haki ya kwenda kunyoosha kidole."

"Leo si lazima."

"Ni lazima, bosi. Ulisaini."

"Mbona ni hapo tu nyuma ya soko?" Mkaguzi akasema, tayari ameshasimama. "Twendeni."

Tukaenda idara nzima, kwa miguu, Mkurugenzi akikohoa njia nzima. Mimi sikuwa nimewahi kufika kule. Kazi ya Katibu ni ya ndani. Tulikuta kiwanja chenye majani ya kufika magotini, na shuka mbili zimeanikwa kwenye kamba.

Shemeji aliinua kidole. Akakipeleka kushoto, akakirudisha kulia, akakishusha. Machozi yakamtoka.

"Shemeji, siioni. Nimefeli. Wanangu watakula nini mimi?"

Roho iliniuma, jamani.

"Usilie, mwanangu," akasema Mkaguzi. Akamgeukia Mkurugenzi. "Beautiful ipo?"

"Ipo, mama, sana tu."

"Na new?"

"New kabisa, mama. Haijaguswa na mtu."

"Na library?"

"Hiyo... hiyo iko kwenye hatua."

"Saruji tulileta. Mabati tulileta. Madirisha tulileta." Mama yule hakupandisha sauti hata kidogo. Akatutazama sisi wote. "Nani alivipokea?"

Katika idara yetu mtu hajibu swali la namna hiyo, ana familia. Mhasibu alitazama viatu vyake. Mlinzi alitazama shuka. Lakini watu hawa nilikuwa nimewafundisha asubuhi na mchana kwamba ukitakiwa kutaja kitu, usiseme, nyoosha. Kidole cha shemeji kilikuwa cha kwanza, na safari hii hakikwenda kushoto wala kulia. Kikafuata cha dereva. Kikafuata cha mhasibu, halafu vyote kwa pamoja. Mkurugenzi aligeuka nyuma kutazama tunamnyooshea nani, akakuta zile shuka tu. Cha kwangu nacho kilikuwa juu. Ningefanyaje, na Mbinu ni yangu?

"Mmefaulu," akasema Mkaguzi.

Aliyekosa kunyoosha kidole alikuwa mmoja tu, Mkurugenzi mwenyewe. Kwa masikitiko nilimwandikia sifuri, na kwa mujibu wa agizo lake akaondoka siku hiyohiyo. Aliondoka kwa miguu, maana dereva alikuwa bado amenyoosha kidole.