Masikio ya Sitini

Jumanne, 7 Mei

Sijapata kushtuka hivi tangu nizaliwe. Fusae, mke wangu, kanitamkia leo asubuhi, mdomo umejaa wali, kwamba mama yake anahamia kwetu. Sawa. Mama Tsuyako amechoka kuishi peke yake, aje. Lakini alale wapi? Chumba cha chini. Chumba changu cha santuri! Supu ya miso ilinipalia mpaka ikatokea puani.

Eti spika zangu, kila moja kubwa kama kabati, ziende bandani zikae na majembe. Na panya! Nikamwambia kile si chumba, ni makao makuu. Akauliza makao makuu ya nini. Nikajikuta nimesema, ya jumuiya. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema jumuiya gani, baba wewe, mtu wa mwisho kukutembelea alikuwa fundi bomba, na alikosea nyumba.

Tumepatana. Jumapili wakija watu hai kusikiliza, chumba kinabaki makao makuu na mama yake atapanda juu kwenye chumba cha cherehani. Wasipokuja, spika bandani. Nimekubali kwa sauti ya kiume. Baadaye nimejifungia chooni.

Jumatano, 8 Mei

Jumuiya imezaliwa! Mtandaoni, saa ya chakula cha mchana, nikiwa kazini, bosi akidhani naandika ripoti ya mabomba ya plastiki. Jina: Masikio ya Sitini. Maana nchi hii umeme wake umegawanywa na mto Fuji. Ng'ambo ya mashariki unapiga mara hamsini kwa sekunde, huku kwetu magharibi mara sitini. Wajinga hudhani ni mambo ya mafundi tu. Mwenye sikio anajua: muziki wa sitini ni mtamu, wa hamsini umelala.

Nimeweka kanuni kumi na saba. Kunawa mikono kabla ya kushika santuri. Kutokohoa. Kumwita mwenyekiti Mwenyekiti.

Hadi jioni wanachama watatu. Mimi. Bwana Hiramatsu, daktari wa meno, ambaye anasema hata mashine yake ya kutoboa meno inalia vizuri zaidi upande huu. Na Mzee wa Bwawa, ambaye pia ni mimi. Nimemtunga ili pasionekane patupu.

Alhamisi, 9 Mei

Mshtuko juu ya mshtuko! Okitsu, yule wa ng'ambo ya mto, tuliyegombana naye mnadani kwa ajili ya sindano ya gramafoni, amefungua Masikio ya Hamsini. Kabla sijamaliza chai yangu alikuwa na watu arobaini. Na kanuni ni zangu! Kumi na saba, neno kwa neno!

La pili ni baya zaidi. Mzee wa Bwawa aliandika aya moja kuhusu umeme wa maporomoko ya maji na sauti ya zeze, wanachama wapya wakaja mbio kumsifu. Kumi na mmoja! Mimi niliandika aya sita, hakuna aliyejibu. Daktari Hiramatsu ameuliza kwa nini Mzee wa Bwawa asiwe mwenyekiti. Nimemjibu kwa ukali. Kisha Mzee wa Bwawa akamjibu kwa upole, wakampenda zaidi.

Hata hivyo nimetangaza mkutano Jumapili, nyumbani kwangu.

Ijumaa, 10 Mei

Mama Tsuyako amefika. Siku mbili kabla ya mkutano! Masanduku, mfuko wa majani ya chai, na simu shingoni, imetundikwa vitu vya kila aina: kengele, paka wa kuchonga, kibuyu. Nilipotoka kazini nikamkuta makao makuu, kwenye kiti changu, anafuta vumbi. Kwa upendo kabisa alikuwa ameifuta sindano ya gramafoni kwa kitambaa cha jikoni. Imevunjika, na ya akiba sina. Yeye akasema, "Mkwe, mbona umepauka? Kula ndizi."

Lo! Jumapili bila gramafoni! Watu waje kusikiliza nini, friji?

Jumamosi, 11 Mei

Nimemeza aibu nikavuka daraja kwenda kwa Okitsu kuazima yake. Nilitegemea kejeli. Akainama, akaniletea gramafoni yake ya zamani kwa mikono miwili, akanipa na keki za mchele. Nilishikwa na bumbuwazi. Halafu akanipa kidude kidogo cha shaba, kama kijigurudumu, kimefungwa kwenye kitambaa, akaanza kunieleza. Nikamkatiza. Nikamwambia Bwana Okitsu, mimi nimezaliwa na santuri mkononi, hakuna la kuelezwa. Akainama tena. Akaomba naye aje kesho. Nimemruhusu, aje ajionee.

Nadhani ananiogopa. Zawadi ile nimempa Mama Tsuyako kumpoza, ameitundika kwenye simu, kati ya paka na kibuyu.

Jumapili, 12 Mei

Naandika usiku huu huu.

Walikuja! Viatu tisa... hapana, jozi tisa mlangoni! Ndara za wageni hazikutosha, dereva mstaafu wa treni, Bwana Nagura, akavaa za chooni. Fusae alisimama jikoni mdomo wazi. Nilipita mbele yake mara tatu bila sababu.

Nikavaa glavu nyeupe. Nikaweka santuri ninayoipenda kuliko zote, wimbo wa yule mama anayemngoja mumewe bandarini, theluji inaanguka, meli haiji. Sindano ikashuka. Sauti ikatoka nyembamba, nyepesi, imechangamka! Nikasema, "Mnasikia? Huo ndio umeme wa sitini!" Daktari Hiramatsu alifuta machozi. Bwana Nagura akasema hajawahi kusikia wimbo huu ukiwa na mwendo namna hii, na yeye mwendo anaujua. Okitsu alikuwa anatazama magoti yake.

Ndipo Mama Tsuyako akaanza kuimba kutoka korido. Kumbe ndio wimbo wake wa karaoke, kila Alhamisi miaka yote! Ubeti wa kwanza akaufukuzia. Wa pili pumzi ikamwishia. Akafungua mlango, anahema. "Mkwe! Huyu mama anamngoja mumewe au anamkimbia?"

Nikamwambia mama, kanuni ya tisa, hakuna kuimba juu ya santuri. Akasema kanuni ya tisa kainywe na chai, huyu mwanamke ana haraka ya choo.

Okitsu akainama mpaka paji likagusa mkeka. Akasema samahani sana, Bwana Takizawa, gramafoni hii mota yake inafuata mapigo ya umeme. Kwangu hamsini, kwako sitini. Usipofunga kile kijigurudumu nilichokupa, santuri inakimbia. Kiko wapi?

Kiko wapi! Kilikuwa kinacheza chini ya kidevu cha Mama Tsuyako. Watu wote wakakiona kwa pamoja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wakakifunga. Wimbo ukaanza upya, taratibu, na Mama Tsuyako akaimba nao hadi mwisho, kasimama mlangoni, mikono imeshika aproni. Hakuna aliyetaja umeme. Bwana Nagura alilia kwa sauti, na ndara zake za chooni. Hata mimi kidogo. Wakauliza Mama anaimba tena lini.

Jumatatu, 13 Mei

Fusae ametimiza ahadi, siwezi kulalamika. Watu walikuja, chumba kinabaki makao makuu, spika hazigusi banda. Ila jumuiya zimeungana usiku kucha mtandaoni, hamsini na sitini pamoja, na kumchagua mwenyekiti. Mama Tsuyako! Okitsu katibu. Hata Mzee wa Bwawa amempigia kura, nilibonyeza kwa bahati mbaya. Na mwenyekiti, anasema Fusae, anapaswa kulala karibu na kazi yake.

Mimi nimehamia juu, chumba cha cherehani.

Jumanne, 14 Mei

Ugunduzi! Nililala sakafuni, sikio kwenye ubao, wakati Mama Tsuyako na wenzake wanafanya mazoezi chini. Sauti iliyopita kwenye mbao ina ulaini ambao hewa haiwezi kuutoa. Nimeshtuka mwenyewe! Nimefungua jumuiya mpya, Masikio ya Sakafuni. Kanuni kumi na nane. Wanachama: mimi na Mzee wa Bwawa, ambaye ameshaanza kujifanya anajua. Nitamfukuza.

Jumapili nafanya mkutano. Nimevuka daraja kuazima amplifaya ya Okitsu. Akainama, akanipa na kidude kidogo kwenye kitambaa, akaanza kunieleza. Nikamwambia najua, najua.

Kizuri sana. Nimempa Mama Tsuyako, amekitundika pembeni ya paka.