Msalaba Unabeba Kilo Tisini

Jumatano ya Majivu, 22 Februari

Nimefukuzwa msalabani. Baada ya miaka kumi na moja!

Mwalimu Consolacion kalitangaza mbele ya kanisa zima, majivu bado mabichi kwenye paji la uso wangu. Anaongoza mchezo wetu wa Mateso tangu astaafu shule, na mpaka leo anatuita kwa majina kamili kama watoto wa darasa la tatu. "Teofilo Magsino," kasema, "mwaka jana ulishuka msalabani kabla hujafa." Watu wakacheka. Kanisani! Kamba zilikatika, kosa langu liko wapi? Zilikuwa mbovu. Yeye kasema zilikuwa mpya, na seremala kaukagua mti: unabeba kilo tisini, basi. Anayetaka kucheza Yesu atapimwa Jumapili ya Matawi, kwenye mizani ya magunia dukani kwa Mang Dencio, muuza mchele.

Nikauliza, kwa kejeli, ni nani mwingine mjini hapa anayejua kufa vizuri. Mkono ukainuka nyuma. Wences!

Wenceslao, muuza maji ya madumu. Kumpare wangu! Ndiye aliyemshika binti yangu siku ya ubatizo. Mtu ambaye miaka yote kazi yake ni kujificha nyuma ya msalaba na kuvuta kamba. Zamani alikuwa na kilo mia na kumi na nane. Tukikaa benchi moja, benchi linalia. Leo nimemtazama vizuri nikaona ana shingo. Kumbe tangu Pasaka iliyopita kila alfajiri anapanda kwenda kanisa dogo la kilimani. Miezi kumi! Mimi nilidhani anaumwa. Nilikuwa hata namwonea huruma.

Tumekwenda dukani kwa Mang Dencio, tukapimwa papo hapo. Yeye tisini na nane. Mimi mia na sita. (Nilikuwa na viatu.)

Ijumaa, 24 Februari

Nimefunga. Kanisa limekataza nyama siku ya Ijumaa, sijagusa nyama. Nimekula samaki wanne wa kukaanga, na wali wa kuwasindikiza. Perlita, mke wangu, kauliza wali wa sahani tatu unawasindikiza mpaka wapi. Mtu aliyefunga hagombani.

Wences kapita na mkokoteni wake wa maji. Kasimama mlangoni kwa kinyozi wako huyu, kaniuliza hali. Nikamwuliza siri yake ni nini. Kasema hana siri. Eti mwanzoni alikuwa akikitazama kile kilima anakata tamaa, kwa hiyo akaacha kukitazama. Siku ya kwanza alitembea mpaka nguzo ya kwanza ya taa, akarudi. Wiki ya pili, nguzo ya pili. Siku ambazo moyo hautaki, huvaa viatu tu, basi, halafu miguu huona haya kurudi ndani. "Haba na haba, kumpare."

Haba na haba! Binti yangu kasema baba yake wa ubatizo siku hizi amependeza. Wembe ukaniteleza. Mteja kapiga kelele.

Jumatatu, 27 Februari

Mpango wa kwanza. Nimesikia mabondia hujivika nailoni ili watoke jasho. Nimejifunga mifuko minne ya taka chini ya shati na kufungua duka kama kawaida. Joto la saa sita mchana! Nikitembea nasikika kama mtu anayefungua pipi.

Mwenyekiti wa mtaa kaja kunyoa ndevu. Nilipomaliza upande wa kushoto wa sharubu zake, dunia ikazunguka. Nilipozinduka nilikuwa nimelala juu yake, na kiti kimekwenda chini kabisa. Kaondoka na sharubu ya upande mmoja. Hakungoja nyingine.

Nimejipima: nimepungua kilo mbili! Kisha nikanywa maji. Zimerudi zote mbili.

Wences ana tisini na sita. Anaandika kwa chaki ukutani kwa Mang Dencio, kila mtu asome. Majivuno gani haya?

Ijumaa, 3 Machi

Usiku sikulala vizuri, nikawaza hivi: kama mimi sipungui, kuna ubaya gani yeye akiongezeka?

Mpango wa pili: bibingka. Ule mkate wa mchele wa moto, siagi juu, yai la chumvi, nazi iliyokunwa. Hakuna binadamu wa mji huu aliyewahi kuukataa. Kila alfajiri, kabla hajapanda kilimani, nitampelekea miwili, kwa upendo. Leo kaipokea kwa mikono yote miwili, machozi yakamlengalenga, kasema hajui amenitendea wema gani. Nikamwambia kumpare ni kumpare.

Nanunua minne kila siku. Miwili yake, miwili yangu. Mwenye kibanda asije akashuku.

Jumapili, 12 Machi

Siku tisa za bibingka! Nimekwenda kwenye mizani nikipiga mluzi.

Wences: tisini na nne.

Mimi: mia na nane!

Haiwezekani. Nimeuliza, nimechunguza. Baada ya misa wale bibi wanne wanaofagia kanisa wamemzunguka Wences wakimshika mikono, wanamwita mtakatifu. Kumbe kila alfajiri akipanda kilimani huwapitishia bibingka za moto! Bibi mmoja hana meno, kasema tangu mumewe afe hakuna aliyemkumbuka hivyo. Padri kamtaja kwenye matangazo.

Bibingka zangu! Miguu yangu ndiyo iliyozifuata, na sifa kachukua yeye. Nikataka kusimama niseme. Ningesema nini?

Perlita kanikumbusha kwamba ana kazi ya kupunguza kiuno cha kanzu ya Yesu. Kanzu hiyohiyo ambayo mwaka baada ya mwaka alikuwa akinipanulia mimi. Kampima Wences kwa futi ya kushonea, na akaimba. Miaka kumi na nane ya ndoa, akinipima mimi haimbi. Huguna.

Jumamosi, 18 Machi

Mpango wa tatu. Huu hauna kasoro.

Wences hupimwa asubuhi. Mchana Mang Dencio hulala usingizi juu ya magunia, mdomo wazi. Mizani ina skrubu ndogo pembeni. Nimeikaza kwa ncha ya mkasi. Saa kumi jioni nikaenda kwa mwendo wa mtu mnyenyekevu, nikaomba nipimwe mbele ya watu.

Mia na mbili! Wiki iliyopita mia na nane! Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti kanipa mkono, ingawa kwa kujihadhari. Wences mwenyewe kanikumbatia, kaninyanyua kidogo. Kasema alijua nitaweza. Akachukua chaki akaniandikia namba yangu ukutani, karibu na yake, kwa herufi kubwa kuliko zake.

Sijui kwa nini nilitamani angeandika ndogo.

Jumanne, 21 Machi

Nimesikia mji mzima unamsifu Mang Dencio. Foleni ya mchele imefika barabarani. Kila anayenunua kilo ishirini na tano anakwenda nyumbani na thelathini. Sikulifikiria hilo. Nani angelifikiria?

Alasiri Mang Dencio kaigundua skrubu. Sijawahi kumsikia akitukana kwa muda mrefu hivyo bila kurudia neno. Akauliza ni nani aliyegusa mizani yake. Akasoma ukuta. Akahesabu kwa vidole. Akageuka akanitazama.

Nimepimwa upya mbele ya foleni nzima. Mia na saba. Hakuna aliyepiga makofi.

Mwalimu Consolacion kafika na mwavuli wake. Hakufoka. Kasema tu, "Teofilo, nakuonea aibu," na nikajisikia nina miaka minane. Kaamua nipite nyumba kwa nyumba kuomba mchele wa ziada urudi. Nimepita. Mchele haukurudi, ulikuwa umeshaliwa. Basi hukumu ikawa hii: mpaka Jumapili ya Matawi, kila asubuhi na kila jioni, nimbebee Mang Dencio magunia mpaka milangoni kwa wateja. Kwa mabega yangu. Mkokoteni marufuku!

Wences kasimama akasema atanisaidia, eti yeye kazoea mizigo. Nikamwambia kwa sauti sihitaji huruma ya mtu mwenye kiuno.

Jumatano, 29 Machi

Magunia. Magunia. Magunia. Sina nguvu ya kuandika. Sina hata nguvu ya kula. Jana nililala na kijiko mkononi.

Leo asubuhi nimempelekea gunia yule bibi asiye na meno. Anakaa njia ya kilimani, nguzo ya tisa. Nikiwa nahema mlangoni Wences kapita, anashuka, jasho safi, anapumua kama mtoto mchanga. Kasema, "Kumpare, unajua umefika nguzo ya tisa? Mimi ilinichukua miezi minne."

Nimemchukia siku nzima.

Jumapili ya Matawi, 2 Aprili

Wences: themanini na tisa na nusu. Watu wamempeperushia matawi kama vile kaingia Yerusalemu. Kalia. Mang Dencio kalia. Perlita kalia, na huyo nina neno naye.

Mimi: mia kasoro moja. Tisini na tisa! Kilo nane katika siku kumi na mbili, za haki, mizani imekaguliwa na Mwalimu mwenyewe. Kuna aliyepeperusha tawi? Hata jani! Nani anamtazama mtu wa tisini na tisa wakati wa themanini na tisa na nusu yuko hapo?

Kisha Mwalimu Consolacion kaniita pembeni. Kasema kuna nafasi ya Simoni Mkirene, yule anayesaidia kubeba msalaba. Hana neno hata moja la kusema. Nikamwambia mimi nimekuwa Yesu miaka kumi na moja, siwezi kushushwa cheo mpaka kuwa mpita njia. Kasema si yeye aliyenichagua. Wences kamwambia kwamba asipobeba na mimi, habebi kabisa.

Anataka nimwone kwa karibu. Ndiyo maana. Nimekubali.

Ijumaa Kuu, 7 Aprili

Nitaandika kama ilivyotokea.

Jua lilikuwa kali, lami inanata kwenye kandambili. Wences alifunga kula tangu jana, kwa imani ya kweli. Msalaba ule ni mzito, mimi naujua. Kaanguka mara ya kwanza, vizuri. Kaanguka mara ya pili, vizuri sana, mpaka nikasaga meno. Mimi nilikuwa nasubiri zamu yangu penye kona ya duka la dawa. Askari wa Kirumi wakanikamata, wakanisukuma barabarani. Nikashika mti.

Mara ya tatu hakuigiza. Nililiona goti likikataa. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Kanong'ona, hata askari hawakusikia: "Kumpare, usiniache. Miguu imekwisha."

Ningeweza kumwacha. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Kwa muda wa pumzi moja nilifikiria: akizirai hapa, kanzu iko hapa, na mimi niko hapa.

Halafu nikaweka msalaba wote begani mwangu wa kulia, kama gunia, na mkono wa kushoto nikampitisha kwapani. Nikamwambia asitazame kilima. Atazame nguzo ile ya taa. Tulipofika, nikamwonyesha nyingine. Hivyohivyo tukaenda. Bibi asiye na meno kapiga magoti barabarani, kisha mstari mzima ukapiga magoti. Wengine walikuwa wanalia kwa sauti.

Juu kule kamba zilishika. Mti haukutikisika. Nilikaa chini nikimtazama, na kwa muda mfupi wivu ulinitoka. Nikautafuta. Haukuwepo. Nilishtuka sana.

Ulirudi wakati wa makofi.

Jumatatu ya Pasaka, 10 Aprili

Mji mzima unazungumza juu ya Simoni! Juu yangu! Sokoni wamenipisha foleni. Bibi wanne wa kanisani wamesema kwa miaka yote hawajawahi kulia hivyo, na kwamba siku ile hata Yesu hawakumwona vizuri kwa sababu ya machozi. Mwalimu Consolacion kaniita Teofilo bila jina la ukoo.

Mchana Wences kaja kunyoa. Kakaa kwenye kiti, kanishukuru, halafu kasema ana ombi. Kila alfajiri, kuanzia kesho, tutembee pamoja. Nimebakiza kilo tisa tu nirudi msalabani, na yeye ameshazungumza na Mwalimu: mwaka ujao nicheze mimi. Yeye ameridhika kucheza mara moja maishani. Yuko tayari kuwa Simoni.

Mkasi ukasimama hewani.

Simoni! Kumbe! Mtu anakujia kwa sauti laini, mikono kwapani kama mgonjwa, kumbe kayahesabu machozi ya wale bibi moja moja! Amechukua kanzu yangu, amechukua bibingka zangu, sasa anataka na Simoni wangu! Nikamtazama kwenye kioo. Kanitabasamia. Nyoka!

Nimemnyoa vibaya upande wa nyuma, asikoweza kuona. Nikamwambia nitatembea naye kwa furaha, lakini si kesho, kesho goti linaniuma.

Nimelifikiria jambo hili mpaka jioni. Msalaba unabeba kilo tisini. Mimi nikifika tisini, watanipandisha tu, hawatanisikiliza, na Simoni atakuwa yeye. Nikirudi kwenye mia na kitu, nani atathubutu kuniweka juu? Na Simoni lazima awe mtu wa kifua, mtu wa mabega, si kijiti cha muuza maji.

Perlita kasimama mlangoni na upawa. Kauliza mbona natia wali sahani ya nne, wakati nilikuwa nimeshapungua vizuri na watu wananisifu.

Nimemwambia asinivuruge. Niko mazoezini.