Herufi Mbili Nilizouziwa Bila Kuziomba

Kwa Mkuu,
Ofisi ya Haki za Mnunuzi.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUUZIWA VITU VILIVYOZIDI KIPIMO

Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai, maana si ya kusomwa na tumbo tupu. Mimi ni fundi cherehani. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na sita katika chumba kimoja chenye dirisha moja, meza ya kukatia, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu ambayo haijawahi kunidai kitu zaidi ya mafuta. Nimeshona sare, suti, magauni ya harusi na mapazia. Katika miaka yote hiyo sijawahi kumshonea mteja mkono wa tatu halafu nikamwambia alipe tu, kwa kuwa ndivyo mashati yanavyokuja. Naomba ulishike jambo hilo, Ndugu Mkuu, kwa sababu nitalirudia.

Mwezi mmoja uliopita nilinunua kompyuta. Sikuinunua kwa anasa. Binti yangu alihamishwa kikazi, akaondoka na mumewe pamoja na mjukuu wangu wa pekee, msichana wa miaka kumi ambaye tangu aanze kutembea alikuwa akishinda chini ya meza yangu akiokota vifungo. Nikaambiwa barua ya kompyuta inafika siku ileile, tena bila stempu. Mtu anayejua bei ya stempu hahitaji kuambiwa mara mbili. Nikachukua kompyuta iliyokwisha kutumika, kwa hoja kwamba mpya na kuukuu zote zinaandika A ileile.

Sasa nakueleza mapema ili usichoke njiani: mjukuu huyo hajaniandikia siku ya kumi na tisa leo, na nia ya barua hii ni kuthibitisha kwamba kosa ni la waliotengeneza kibodi. Malalamiko nayapanga kwa namba.

1. Herufi. Kibodi niliyouziwa ina herufi Q na herufi X. Hapa nimezichora kwa kalamu, sababu utaiona. Ndugu Mkuu, nimesoma kwa Kiswahili, nimeposa kwa Kiswahili, nimegombana na mwenye nyumba kwa Kiswahili, na herufi hizo hazikunisaidia popote. Nilipekua daftari langu la vipimo tangu ukurasa wa kwanza, sikuziona. Najua wauza nguo za dukani huandika X kwenye kola kuonyesha ukubwa wa mtu. Mimi huandika mwembamba, wastani na mnene, na aliyezidi hapo namwandika mheshimiwa. Hakuna aliyewahi kununa.

Nilirudi dukani kwa dada aliyeniuzia, nikamwomba kwa adabu anipunguzie bei ya herufi mbili. Dada yule ana subira ya ajabu. Alinivutia kiti, akanieleza kwamba kibodi haiuzwi kwa herufi. Nikamwuliza mbona kitambaa kinauzwa kwa mita. Akasema kitambaa ni kitambaa. Nikaona hapo hatutoki, nikamshukuru kwa kiti, nikarudi nyumbani. Nikazing'oa zote mbili kwa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, na mashimo nikayaziba kwa viraka vya khaki vilivyokatwa vizuri kiasi kwamba mtu asiyejua atadhani kibodi ilizaliwa hivyo. Herufi zenyewe zimo ndani ya bahasha hii kama ushahidi. Hazijatumika hata mara moja.

2. Spidi. Gari langu ni la zamani lakini lina heshima zake. Mshale wa spidi umeandikiwa namba hadi mia mbili na ishirini. Gari lenyewe, likiwa kwenye mteremko na mimi nimebana pumzi, hufika sitini. Hizo nyingine nilizilipia za nini? Fundi wa magari, ambaye mtaa mzima tunamwita Spana, nilimwomba azikate zilizozidi amuuzie mtu mwenye haraka. Akasema anakwenda kunywa maji mara moja. Hii ni Jumatatu ya tatu, na maji hayajaisha.

3. Waipa. Zipo mbili. Dereva ni mmoja. Abiria haendeshi, hivyo sioni anachotaka kukiona mbele wakati wa mvua. Waipa ya abiria nimeitoa, nimeihifadhi kabatini. Mke wangu anadai ndiye huona mashimo yote ambayo mimi siyaoni, na kwa hiyo ningetoa yangu. Hoja hiyo bado naichunguza.

4. Siti ya nyuma. Hili ni zito kidogo. Gari lina nafasi ya watu watano, na nyumbani tumebaki wawili, mimi na mke wangu, naye hukaa mbele ili anisahihishe kwa karibu. Binti yangu alipoondoka na familia yake, siti ya nyuma ikawa inazungushwa mitaani bure, inakula mafuta yangu. Nikafungua bolti nne, nikamuuzia kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye wateja wake walikuwa wakingoja zamu wakiwa wima. Kila mtu akafurahi. Yeye alipata pa kukalisha watu, nami gari likawa jepesi hata spidi ikapanda hadi sitini na mbili.

Tatizo likaja siku shemeji yangu, dada wa mke wangu, alipohitaji kupelekwa hospitali kupimwa macho. Nilimwekea gunia la vipande vya vitambaa, laini kabisa, mimi mwenyewe ningelala juu yake. Tulipofika, daktari akamwuliza kama amekuja kwa ajili ya macho au mgongo. Tangu siku hiyo mke wangu amegoma. Saa tisa akimaliza shughuli zake anavuka barabara, anakwenda kukaa kwenye siti yetu pale kwa kinyozi, mikono kifuani, macho kwenye kioo. Wateja wanampisha kwa heshima, na wanaonyolewa wananyolewa kimya kama wako kwenye mtihani. Mke wangu ananiambia rahisi huvunja upishi. Nimemjibu kwamba siti si upishi, ila nakiri chakula cha jioni siku hizi kinachelewa.

5. Mjukuu. Barua yake ya kwanza ilifika wiki ya pili baada ya kununua kompyuta. Nainakili kama ilivyo, zile herufi zenye aibu nikizichora kwa kalamu:

"Xkamoo babu. Nimeqkumbuka xana. Xhule mpya ni kubwa ila xina rafiki bado. Naqpenda xana."

Nilidhani kompyuta imeugua. Lile neno la kwanza nililiona kama jina la dawa ya kikohozi. Ikabidi nimwite mke wangu, akasoma yote mfululizo bila kukwama, akanieleza kwamba watoto wa siku hizi huweka X mahali pa S, na Q mahali pa "ku", wanasema inawaokolea muda. Muda wa kwenda kufanya nini?

Sasa, samaki mkunje angali mbichi. Nikaichapa upya barua yake kwa Kiswahili sanifu, nikahesabu makosa saba, nikampa alama tatu kwa kumi, na chini nikamweleza kwamba Kiswahili hakina herufi hizo, basi arudie. Nikamtumia siku ileile, bila stempu.

Hajarudia. Hajaandika chochote. Mke wangu anasema nilikuwa mkali, nami nilimjibu kwa methali, mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini hapa pana jambo ambalo methali haikuniambia, Ndugu Mkuu, kwa sababu mimi sikumchelea, na bado anayehangaika ni mimi. Nikimaliza kupiga pasi nafungua kompyuta, natazama, naifunga. Siku nyingine naifungua hata pasi haijapoa. Juzi nilidondosha vifungo, nikangoja mtu aviokote, kisha nikainama mwenyewe. Nimemkumbuka mtoto yule.

Fuatana nami basi katika hoja. Laiti kibodi isingekuwa na X, mtoto angeandika S. Angeandika S, nisingemsahihisha. Nisingemsahihisha, asingenyamaza. Asingenyamaza, nisingekuwa na hasira za kuuza siti, kwa sababu nakiri siti niliiuza siku ya nne ya kimya chake. Siti ingekuwepo, shemeji angepona mgongo na mke wangu angekuwa nyumbani. Kwa hiyo herufi moja tu, tena isiyo ya kwetu, imenikosanisha na mjukuu, mke na shemeji, na imemharibia kinyozi biashara. Kama hilo si jambo la ofisi yenu, sijui lipi.

6. Maombi. Naomba iamriwe kwamba kibodi ziuzwe kwa herufi, magari yauzwe kwa siti, na spidi iuzwe kwa kilomita, kila mtu akate urefu wake kama anavyokata kitambaa. Anayetaka mkono wa tatu aulipie, mwenye miwili aachwe na miwili yake. Dada wa dukani apewe onyo, lakini la upole, kwani alinipa kiti. Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo la kwanza: waliotengeneza kibodi wamwandikie mjukuu wangu barua ya kuomba radhi, yenye saini na muhuri, wakimweleza waziwazi kwamba Babu hakuwa na kosa lolote.

Nisalimie karani atakayefungua bahasha hii, mlinzi wa mlangoni, wahasibu wote, na yule mtu mmoja ambaye kila ofisi inaye, anayejua funguo zilipo. Kama kuna mwenye suruali inayombana kiunoni, aje, kwangu kupanua si ghali.

Mimi niliyepunjwa kwa kuzidishiwa,
Fundi Cherehani.

Nakala: Dada wa duka la kompyuta.
Spana, akimaliza maji.
Mke wangu (kwa mkono, kwa kinyozi).

NYONGEZA, siku sita baadaye.

Ndugu Mkuu, barua hii ilikaa kwenye droo ya cherehani nikimngoja jirani anayekwenda mjini aichukue, nisinunue stempu. Katika kungoja yametokea mambo.

Siku ya pili mjukuu wangu aliandika. Hii hapa yote: "Shikamoo Babu. Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Shule inaendelea vizuri. Ni mimi mjukuu wako mtiifu." Niliisoma mara tatu nikitafuta kosa. Halikuwepo. Ilikuwa ya kumi kwa kumi, na ningeweza kuwa nimeandikiwa na benki. Sikumsikia mtoto wangu humo ndani. Nikatoa ile ya kwanza nilinganishe, na ndipo nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelisahihisha bila kulisoma. Niliondoa X, nikaweka S, "sina rafiki bado", nikaenda zangu kuhesabu makosa. Mtoto ananiambia hana rafiki, nami nampa alama tatu.

Niliona aibu, Ndugu Mkuu, nasema wazi. Nikaifungua bahasha kwa mkasi, nikatoa ule ushahidi, nikabandua viraka, nikazirudisha herufi kwa gundi. Nikamwandikia kwamba Babu alikuwa na kiburi, kwamba rafiki atapatikana, na mwishoni nikajitahidi kuandika kwa lugha yake. Haikupita saa moja, akajibu:

"Babu umekoxea herufi!!! Umeandika naxpenda qana!!! Nimecheka mpaka machozi. Nimemuonexha mwenzangu wa dawati moja naye kacheka xana, xaxa ananiita Qana. Leo tumekula pamoja. Naqpenda xana babu."

Kumbe nilizibandika kinyume, Q mahali pa X, na X mahali pa Q. Spana amejitolea kuja kuzigeuza, bure kabisa, lakini nimemkataza asiguse. Nimeshazoea, nikitaka hii nabonyeza ile.

Kwa hiyo ukiifungua bahasha usizitafute herufi, hazimo. Malalamiko namba moja na namba tano nayafuta. Namba mbili na tatu mnaweza kuendelea nayo mkipata nafasi. Barua naituma hata hivyo kwa sababu bahasha nimekwisha kuinunua.

Ila limezuka lalamiko jipya, na hili ni la haraka. Mjukuu wangu anakuja likizo, na ameomba aje na huyo mwenzake, na watoto wawili hawawezi kukaa juu ya gunia. Nimemfuata kinyozi anirudishie siti, anakataa. Anasema wateja wameizoea, na mke wangu, aliyekuwa amekaa juu yake wakati huo, hakunitetea. Naomba ofisi yenu imwandikie kinyozi huyo barua kali sana kabla shule hazijafungwa. Mwulizeni mtu mzima mwenye akili timamu alinunuaje siti ya gari, ilhali hana gari.