Upana wa Uso wa Mkurugenzi

Umma unatangaziwa kwa furaha kwamba, kuanzia sasa, uso wa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Wastaafu hautapunguzwa, hautakunjwa wala hautasogezwa kando na simu ya mtu yeyote. Tangazo hilo aliliandika Katibu wa Kamati ya Hadhi ya Upana kwa mkono wake mwenyewe, akalisoma na kulirudia, akaona hakuna cha kuongeza.

Kosa lilikuwa la binti aliyejenga tovuti ya idara, ambaye wote walimwita Fundi. Badala ya kuchora kila ukurasa upya, alitengeneza kadi moja kwa CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa: picha juu, maneno katikati, kitufe chini. Kadi hiyohiyo ikatumika kwa habari, huduma na viongozi. Ukiirekebisha mara moja, zote zinafuata. Kwenye kioo kipana cha kompyuta zilikaa bega kwa bega, kwenye simu zikapangana moja chini ya nyingine, na picha zikajipunguza zenyewe. Kamati ilipiga makofi, mpaka Mkurugenzi alipofungua simu yake akajikuta mdogo kama kifungo cha shati, tena chini ya tangazo la ukarabati wa choo.

Fundi aliitwa ajieleze. Akasema ukubwa wa kadi hutegemea mahali ilipowekwa.

"Mkurugenzi hategemei mahali," Katibu alimwelewesha kwa upole. "Mahali panamtegemea Mkurugenzi."

Ikaamriwa picha hiyo iwe na upana wa kioo cha ukumbi wa mikutano, popote itakapoonekana, na ikae juu ya vitu vyote. Fundi alishusha pumzi, akaandika mstari mmoja, na kwa kuwa kadi ya Mkurugenzi ilikuwa kwenye kila ukurasa, agizo likatimia kote kwa mpigo. Hapo hata Katibu alikiri kwamba binti ana kipaji.

Kwenye simu za wananchi picha haikuenea, likabaki shavu tu. Malalamiko yalipoingia, Kamati iliyapokea kama ushahidi kwamba uongozi umesogezwa karibu na wananchi.

Balaa likabisha hodi nyumbani kwa Katibu. Mama mkwe wake, mstaafu aliyekuwa akiishi naye, alitakiwa kabla ya Ijumaa jioni abonyeze kitufe cha "Nipo hai", la sivyo mfumo ungemhesabu marehemu na kumfungia pensheni. Kitufe kilikuwa chini ya shavu.

"Baba," alimwambia mkwewe akimpa simu, "huyu bwana nimembonyeza shavu tangu asubuhi. Hata kupepesa hapepesi."

Katibu akamshauri ageuze simu. Akageuza, likaja sikio. Mama akauliza taratibu kama marehemu anaruhusiwa kuendelea kupika. Katibu, aliyempenda na kumwogopa kwa kiwango kilekile, akaahidi kwenda kwa Mkurugenzi mwenyewe.

Kesho yake alijikaza akamwomba Mkurugenzi apungue kidogo. Mkurugenzi hakuinua hata kichwa. Picha haipunguzwi bila saini ya Mkurugenzi aliye hai, alisema, na yeye hasaini.

Alichosahau ni kwamba naye alikuwa mstaafu. Umri ulishampita, akaongezewa mkataba juu ya pensheni. Tena, kwa heshima yao, viongozi walikuwa wamepewa zamu ya kwanza ya kubonyeza "Nipo hai", mwisho Jumatano. Jumatano alasiri alijifungia ofisini akajibonyeza shavu, pua na paji la uso. Alhamisi asubuhi mfumo ukamtangaza marehemu.

Alimwita Katibu, akasaini kibali cha kupunguza picha papo hapo. Katibu akakipokea kwa mikono miwili, akasikitika kwa dhati, maana saini ya marehemu haifai. Ila utaratibu ulisema wazi kwamba picha ya kiongozi aliyefariki huondolewa siku hiyohiyo, na Fundi akaiondoa kabla chai yake haijapoa. Kitufe kikaibuka kwenye simu zote. Mama mkwe akakibonyeza, kisha akapiga simu kusema kwamba yupo hai na kuuliza jioni wangependa mboga gani.

Mkurugenzi naye akabonyeza haraka. Mfumo ukamjibu kwamba huduma hiyo ni ya walio hai.

"Pole sana kwa msiba, mzee," Katibu alisema, na machozi yalimlenga kweli. Akavuta kiti, akafungua ukurasa wa tanzia, ambao nao ulitumia kadi ileile. "Picha yako tuiweke kwa upana gani?"

Mkurugenzi aliitazama ile kadi tupu, mabega yamemshuka.

"Ndogo," akasema. "Ndogo kabisa. Isije ikaziba kitufe."

Katibu akamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba tanzia haina kitufe.