Balozi wa Thailand

"Funga mdomo, mama. Picha ya viza haitaki meno."

Mpiga picha alikuwa amesema hivyo mara nne, na mara zote nne yule mama aliyekaa kwenye stuli mbele ya kitambaa cheupe alizidi kucheka. Kwenye benchi la kusubiria, mwanaume mmoja mwenye koti la bluu na kalamu tatu mfukoni alijifanya anasoma bei za fremu. Hakuwa na haja ya picha. Mtaani walimwita Balozi, na kila Jumatatu asubuhi alikuja studio hii kama wengine wanavyokwenda sokoni, maana mtu anayepiga picha za namna hii ana safari, na mara nyingi ana hofu ya safari hiyo, na hofu ya watu ndiyo iliyokuwa ikimlisha Balozi na mkewe.

"Mnakwenda wapi hasa, hata mnafurahi hivi?" aliuliza mpiga picha.

"Thailand," alisema mama. "Mimi na mdogo wangu huyu. Hatujawahi kupanda hata lifti."

Balozi akaacha kusoma bei.

"Samahanini, mama zangu," alisema, akisimama na kushika kifua kwa adabu. "Nimesikia Thailand, moyo ukaruka. Mimi kule ni kama nyumbani. Nimekwenda mara saba."

Ukweli ni kwamba safari ya juu kabisa aliyowahi kufanya Balozi ilikuwa ngazi ya tangi la maji, na alishushwa na watu wawili.

Mama alimtazama juu ya miwani yake, akamtazama tena, kisha akatabasamu. Alieleza kuwa alikuwa metroni wa bweni la wasichana kwa miaka thelathini na moja, na amestaafu juzi juzi. Mdogo wake alikuwa mshona mapazia, mtu wa maneno machache na mkoba mkubwa. Katika maelezo hayo yote Balozi alisikia neno "amestaafu" tu. Mtu makini angejiuliza metroni wa bweni hufanya kazi gani. Hukaa mlangoni miaka nenda rudi akisikiliza wasichana werevu wakimweleza kwa nini wamechelewa kurudi. Lakini Balozi hakujiuliza, na sisi hatuwezi kujiuliza kwa niaba yake.

Akawaalika ofisini kwake awaandalie safari. Ofisi yenyewe ilikuwa meza moja ndani ya duka la dobi, nyuma ya mashati ya watu yaliyotundikwa. Mabibi wale walipofika kesho yake, mvuke wa pasi uliwapiga usoni.

"Nimepachagua makusudi," alisema Balozi. "Hili ndilo joto la Thailand. Mteja wangu akikaa hapa nusu saa, akishuka kule hashtuki."

"Kumbe!" alisema Metroni. Akatoa daftari la mistari na kalamu nyekundu. "Na asubuhi hali ikoje?"

Balozi hakutegemea swali. Lakini mdomo wake haukuwa na desturi ya kumsubiri. "Asubuhi kuna theluji. Kidogo tu, ile laini."

"Theluji. Na mchana?"

"Mchana inayeyuka. Unadhani yale maji ya ufukweni yanatoka wapi?"

Metroni aliandika. Pembeni ya kila jibu aliweka alama ndogo nyekundu, na Balozi akaona fahari kuwa maneno yake yanapewa alama. Akapamba moto. Akasema tembo wa kule husimama kwenye taa nyekundu. Akasema muhogo wa Thailand huvunwa juu ya mti. Mdogo mtu, ambaye hakuwa amesema lolote tangu waingie, akajifunika uso na mkoba, mabega yakimtikisika.

"Ana nini?" aliuliza Balozi.

"Hofu ya ndege," alisema Metroni. "Mwonee huruma."

Balozi akamwonea huruma palepale. Alipanga viti viwili vya plastiki, akawafunga mabibi viunoni kwa mikanda ya suruali za wateja wa dobi, akapita katikati akisema "chai au juisi?" huku akiyumba kidogo ili wazoee mawingu. Dobi aliacha kupiga pasi akatazama mpaka shati likaungua.

Walipofunguliwa mikanda, Metroni alisogeza kiti karibu.

"Mwanangu, mimi nimeridhika. Tatizo ni wenzangu. Kwenye kikundi chetu cha wastaafu tuko kumi na wanne, na kumi na wawili waliobaki nao wanataka kwenda. Pesa wanazo mkononi. Ila ni watu wazima, hawaamini mpaka waone tiketi ya mtu wanayemjua. Wakiona yangu na ya mdogo wangu, Ijumaa wote tunakuletea, mimi na mdogo wangu tukiwemo, taslimu."

Kumi na wawili! Balozi alilazimika kujifanya anatafuta kitu chini ya meza ili asionekane anavyotabasamu.

Hapa yafaa tueleze utaratibu wake wa kazi, maana alikuwa na utaratibu na alijivunia. Matapeli wengine huuza karatasi bandia. Balozi aliwadharau. Yeye kila uongo wake aliuweka juu ya kitu kimoja cha kweli. Alinunua tiketi halali kabisa, zile za bei ya juu zinazokubali kubadilishwa au kufutwa wakati wowote na pesa ikarudi yote. Mteja aliionyesha kwa ndugu na jamaa, akapiga hata simu ya shirika la ndege kuhakikisha, akalipa kwa moyo mweupe. Siku ileile Balozi aliifuta tiketi, akarudishiwa chake, akabaki na cha mteja pia, akahama mtaa.

Tatizo lilikuwa mtaji. Tiketi mbili za Thailand si nauli ya kwenda mjini. Pesa aliyokuwa nayo haikutosha hata kiti kimoja. Kilichokuwepo uani kwake ni gari dogo jekundu la shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi magari ambaye huinua injini kwa mikono yake na kuuliza aiweke wapi. Shemeji alikuwa kazini mji mwingine, angerudi Jumapili, na kabla ya kuondoka alimkabidhi Balozi funguo kwa maneno manne tu: "Nikute gari kama nilivyoliacha."

Balozi aliliweka gari rehani Jumatano, akijua Ijumaa jioni atalikomboa na kuliosha matairi. Alikuwa na uhakika kiasi kwamba usiku ule alilala fofofo.

Alhamisi asubuhi aliketi na Metroni mbele ya simu wakijaza fomu.

"Tarehe ishirini na nane, mama, mwisho wa mwezi. Na viza je? Hizo huwa zinasumbua."

"Viza tuliomba wenyewe mtandaoni Jumatatu ileile, zimetoka jana. Tulikuwa hatuna la kufanya."

"Vizuri. Kiti?"

"Mimi dirishani. Mdogo wangu karibu na choo."

"Chakula?"

"Laini. Na hoteli iwe inayotazama bahari, mwanangu, siku kumi, wenzangu wataiuliza."

Balozi akalipia hoteli pia, nayo ya kufutika, kwa pesa iliyobaki ya rehani ya gari la shemeji.

"Hapa wanataka barua pepe ya abiria."

"Weka yangu. Nitaisoma taratibu nikivaa miwani."

Akaiweka. Alisikia hata utamu moyoni kwa kuona bibi anavyomwamini. Metroni akanakili ile namba ya tiketi kwenye daftari herufi kwa herufi, akaisoma kwa sauti mara mbili, akasema Ijumaa saa nane mchana kikundi kizima kitakuwa sebuleni kwake na bahasha.

Ijumaa saa nane kasoro, Balozi alifika na kitabu cha risiti na manukato mapya. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Jirani alikuwa anaanika mashuka.

"Unamtafuta Metroni? Amesafiri na mdogo wake, jana jioni."

"Kwenda wapi?"

"Thailand. Wewe hukusikia? Mtaa mzima unajua. Kuna kijana mmoja amewapeleka bure."

"Na kikundi? Wale wastaafu kumi na wawili?"

"Kikundi gani? Metroni hawezi vikundi. Anasema watu wazima wana kelele."

Balozi alitoa simu kwa vidole ambavyo ghafla vilikuwa vinene. Aliingiza ile namba, akabonyeza kufuta. Simu ilifikiri, kisha ikajibu kwa upole: tarehe ya safari ilibadilishwa na abiria Alhamisi saa tano asubuhi, na tiketi imekwisha kutumika. Akajaribu hoteli. Tarehe nayo ilikuwa imesogezwa, na wageni walikuwa wamepokelewa chumbani.

Akahesabu siku. Jumapili ilikuwa keshokutwa.

Nusu saa baadaye alikuwa mbele ya kaunta ya polisi, koti limemlowa. Koplo aliyekuwa zamu alifungua kitabu.

"Shida nini, kaka?"

"Nimeibiwa tiketi mbili za ndege."

"Zilikuwa na majina ya nani?"

"Ya walioziiba."

Koplo aliinua kalamu. "Taratibu. Nani alinunua?"

"Mimi."

"Kwa majina yao."

"Ndiyo."

"Ukawapa namba."

"Ndiyo."

"Halafu wakafanya nini?"

"Wakasafiri!" Balozi alipiga kaunta. "Wamesafiri kweli, afande!"

Koplo aliegemea kaunta. "Kwani tiketi ina kazi gani nyingine?"

"Hawakutakiwa wasafiri."

"Walitakiwa wafanye nini?"

Balozi alifungua mdomo. Mdomo ule ulikuwa umemhudumia kwa uaminifu miaka ishirini, lakini leo kila neno alilolitafuta lilimpeleka kwenye mlango wa chuma nyuma ya Koplo.

"Walitakiwa... wafurahi tu," alisema hatimaye.

"Na hawakufurahi?"

Simu ikalia. Ilikuwa picha. Mabibi wawili wamesimama ndani ya maji ya bahari mpaka magotini, sketi wamezikunja, meno yote nje. Chini yake Metroni ameandika: "Ubarikiwe, mwanangu. Kiti cha karibu na choo kilitufaa sana."

"Wamefurahi," alikiri Balozi, akitaka kulia.

Koplo alichukua simu, akaitazama picha, akaweka kalamu chini. Macho yake yalikuwa yamelainika. Alinyoosha mkono juu ya kaunta akamshika Balozi kwa nguvu.

"Kaka, watu kama wewe wameisha duniani. Mama yangu ana miaka sabini na hajawahi kuiona ndege ikiwa chini. Ofisi yako iko wapi? Jumapili nimlete."

Balozi alisikia neno Jumapili likimpita mwilini. Akautazama ule mlango wa chuma, kitasa chake kizito, kufuli lake kubwa ambalo hata mtu anayeinua injini angehangaika nalo.

"Afande," alisema kwa sauti ndogo, "hiyo selo yenu, nikiieleza habari hii vizuri tangu mwanzo, mnaweza kunikalisha humo mpaka lini?"